Kiwanja chetu kimepigwa vigingi

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni katibu wa timu ya vijana hapa Muyeye, Malindi. Kiwanja tunachochezea tangu enzi za baba zetu tumekikuta kimepigwa vigingi vyekundu, na lori la mawe limeshushwa nyuma ya goli. Vijana wanataka kuving'oa usiku. Wazee wanasema tungoje. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vigingi msiviguse. Mkiving'oa usiku, kesho yake kesi haitakuwa ya kiwanja tena, itakuwa yenu, na kapteni wenu atashinda kituo cha polisi. Pigeni picha kutoka kila pembe, milingoti ionekane, tarehe iandikwe.

Lakini kungoja nako hapana! Mawe yakishakuwa msingi, na msingi ukawa ukuta, kazi huwa nzito zaidi. Kesho asubuhi tafuteni namba ya ploti, mwende ofisi ya ardhi mkaombe upekuzi rasmi wa kujua ardhi ni ya nani, wenyewe tunaita sachi. Kusema "kila mtu anajua ni uwanja wa mtaa" hakutoshi mbele ya msajili. Ikiwa ni ploti ya mtu, nendeni kwake na wazee pamoja na mwakilishi wadi, mzungumze kwa heshima, na muiombe kaunti ilinunue eneo hilo au iwape jingine. Ikiwa ni ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti, Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema kaunti inaishikilia kwa niaba yenu wakazi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Hapo andikeni barua kwa tume, na malalamiko kwa bunge la kaunti. Haki hiyo mmepewa na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Viwanja vya michezo ni kazi ya kaunti, kwa hiyo hamuombi hisani. Kila barua iwe na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Sasa sikiliza ninalolitaka zaidi. Msiende huko kama timu moja. Nimefundisha mpira Malindi ujana wangu wote, na nimeona viwanja vikienda kwa sababu vilionekana ni vya vijana kumi na wanane wenye jezi. Je, wasichana wanacheza saa ngapi hapo kwenu? Watoto wakitoka madrasa wanapata upande gani? Kama jibu ni kwamba wanasimama pembeni wakiwaokotea mpira, anzeni kurekebisha hapo. Wapeni wasichana siku zao kamili baada ya alasiri, si dakika za magharibi wakati mpira hauonekani. Wale wavuvi waliowashonea nyavu za goli kwa jarife kuukuu, mafundo yao bado yanaonekana kwenye mwamba wa juu, waombeni waweke sahihi kwenye barua zenu. Mama wa mahamri anayeuza siku za mechi naye aweke. Mashindano ya usiku wa Ramadhani mliyoandaa, leteni ratiba zake, na vikombe vilivyochongwa mwaka.

SWALI: Kocha, jua la jioni linamwingia kipa wetu machoni. Tena tulichora mistari kwa chokaa, watoto wawili wakaungua miguu. (Mwalimu, Shella, Malindi)

JIBU: Goli zenu zinatazamana mashariki na magharibi. Nafasi ikiruhusu, zigeuzeni kaskazini na kusini. Sheria inataka urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, ila kwa watoto pungufu inafaa.

Chokaa acheni kabisa, mwalimu. Ikikutana na jasho inakula ngozi, na jichoni inaweza kupofusha. Ikimwingia mtoto jichoni, osheni kwa maji mengi papo hapo, kisha hospitali bila kuchelewa. Chukueni rangi nyeupe ya maji ya ukutani, izimueni, mpake kwa brashi kufuata kamba. Mstari usizidi sentimita 12.