Barua kwa mwanangu anayesomea mazungumzo ya watu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Ngamiani. Sisi huku Tanga hatujambo. Bibi yako anaendelea vizuri na dawa zake, mvua zimeanza, na paa halivuji tena tangu fundi aje. Hofu ni kwako wewe uliye mbali na macho yangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umesema shangazi yako alikuuliza mbele za watu, pale arusini: kusomea mawasiliano ya binadamu ni kusomea nini, wakati hata mtoto wa miaka mitatu anajua kuongea? Ukakosa jibu, na tangu siku ile unafikiria kuhamia uhasibu kabla muhula haujaenda mbali. Umeniomba nikwambie ukweli. Nitakwambia, ila nivumilie, maana jambo hilo nimelifanyia kazi miaka 19 bila kujua kwamba watu wanalisomea.

Unakumbuka nilikuwa opereta wa simu hospitalini. Siku zile ungeniuliza kazi yangu, ningekujibu kwamba napokea simu, nauliza anatakiwa nani, naunganisha. Basi.

Usiku mmoja, saa tatu hivi, alipiga mzee mmoja. "Habari za usiku?" Nzuri. "Habari za kazi?" Nzuri. "Hamjambo wote hapo?" Hatujambo. "Mvua huko imenyesha?" Kwenye swichibodi taa nyingine mbili zilikuwa zinawaka. Nikamkatiza: "Mzee, sema unamtaka nani, kuna watu wanasubiri." Akanyamaza. Nikawa nasikia pumzi zake tu. Halafu akasema, "Basi mama, nilikuwa nasalimia," akakata.

Nilibaki na mkonga wa simu mkononi. Nani anapiga simu usiku kuisalimia hospitali?

Alfajiri alipiga tena, na sauti nikaitambua. Safari hii nilimwachia. Aliuliza za kuamka, akauliza za kazi, akaiuliza tena ile mvua, nami nikamjibu zote taratibu. Mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, akasema: "Na hapo wodi ya watoto, wameamka salama?" Nikamuuliza jina la mtoto, nikamwunganisha na sista wa zamu. Mtoto alikuwa ameamka salama, alhamdulillahi.

Mwanangu, yule mzee hakuwa anapoteza muda. Zile salamu ndizo alizokuwa anazipanda ngazi moja moja mpaka afike kwenye swali ambalo asingeweza kuliuliza ghafla. Na tazama alivyoliuliza: hakumtaja wake, aliuliza watoto wote, ili kama kuna neno baya, mimi nipate pa kulianzia. Mimi usiku ule nilimvunjia ngazi akiwa katikati. Nimeijutia simu ile mpaka leo.

Sasa, yale makaratasi uliyoyaacha chini ya kitanda nimeyasoma, jioni tatu mfululizo. Nimemkuta humo msomi mmoja, Harvey Sacks wa Marekani, ambaye mwaka 1963 na 1964 alikuwa kwenye kituo kimoja cha Los Angeles cha kuwasaidia watu waliotaka kujiua, akizisikiliza simu zao zilizorekodiwa. Kituo kilikuwa kinahangaika kupata majina ya wapigaji. Sacks akaona kwamba mhudumu akianza kwa kutaja jina lake, mara nyingi mpigaji naye hutaja la kwake. Lakini mmoja, badala ya kutaja, alisema: "Sikusikii." Mhudumu akarudia jina lake, mpigaji akalirudia kuhakikisha, mazungumzo yakaendelea, na ile nafasi ya kujitaja ikawa imeshapita. Alikwepa bila kukataa.

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. "Sikusikii vizuri" hiyo nimeisikia mara ngapi? Miaka yote nikiilaumu laini.

Halafu kuna mwenzake, Emanuel Schegloff. Yeye alichunguza simu kama 500 zilizopigwa, akatoa kanuni kwamba anayepokea ndiye huanza kusema. Simu zote zikakubali, isipokuwa moja, ambayo aliyepiga ndiye alianza kusema. Mwingine angeitupa hiyo moja. Yeye aliishikilia, ikamlazimu kufikiri upya, akagundua kwamba mlio wa simu wenyewe ndio neno la kwanza. Mlio unaita, na "halo" ni kuitikia. Aliyaandika hayo mwaka 1968. Nami nikasema, kumbe hii ni hodi! Unapiga hodi, unangoja karibu. Ukipiga mara tatu kimya, unarudi ulikotoka bila kinyongo, ndivyo tulivyofundishwa. Na anayesema hodi huku mguu umeshavuka kizingiti unajua anavyosemwa mtaani hapa. Kila mtu anaikasirikia hodi ya namna hiyo, lakini mwambie akueleze kosa lenyewe liko wapi, uone atakavyobabaika. Hapo ndipo somo lako linapoanzia. Mtoto wa miaka mitatu anajua kuongea, ni kweli, lakini hata mtu wa miaka sitini hajui anafanya nini anapoongea.

Hata kubip, kule kupiga na kukata kabla hajapokea, kumeandikwa. Mtafiti Jonathan Donner alikwenda Rwanda kuwahoji watu, akachapisha mwaka 2007 kanuni walizojiwekea wenyewe: mwenye uwezo hambipu asiye na uwezo, na kijana anayemtafuta msichana akibip tu, anaonekana hana kitu. Nani aliwafundisha? Hakuna shule. Na bado ukikosea unajulikana.

Lakini kuna jambo lilinichoma. Kwenye karatasi moja wamepima muda unaopita kati ya mtu mmoja kumaliza kusema na mwingine kuanza. Walipima lugha kumi, wakachapisha mwaka 2009, na kwa wastani ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Nimezitafuta hizo lugha: Kijapani kimo, Kidenishi kimo, na kimoja cha Namibia. Kiswahili hakimo. Sisi tunaoulizana za nyumbani, za watoto na za shamba kabla ya kusema shida, sisi ambao tunaanza na "nzuri" hata kama kuna msiba, halafu ndiyo tunasema "ila", hatumo. Huyo "nzuri, ila" anahitaji mtu wa kumsikiliza kwa makini, na awe mtu aliyelelewa naye. Ukihamia uhasibu utafanya vizuri, hesabu unaziweza. Ila hicho nilichokitaja, sijui nani atakifanya badala yako.

Kuhusu ajira sikufichi, utapata taabu mwanzoni. Watu hawatajua wakuweke wapi. Lakini fikiria ile namba 116 ya kuwasaidia watoto, iliyopo hapa kwetu na Kenya. Mtoto anapiga, halafu ananyamaza. Anayepokea afanye nini na kimya kile? Mimi kwa mzee wangu sikujua, na hakuna aliyekuwa amenifundisha. Hospitali, mahakama, polisi, wote wanahitaji mtu wa kuwaonyesha namna hiyo ya kusikiliza.

Sasa turudi kwa shangazi yako, maana nadhani hapo ndipo penye kidonda. Nilimuuliza mdogo wako ilikuwaje. Anasema ulipita mbele yake na simu sikioni, ukakaa na wenzako, shikamoo ukampa baada ya chakula. Mwanangu! Huyu ndiye aliyeuza mbuzi wake wawili ikatimia ada yako ya mwaka wa kwanza. Alipokuuliza unasomea nini, hakuwa anauliza habari za kozi. Alikuwa anauliza kama bado wewe ni wake. Kwa nini mbele za watu? Kwa sababu mbele za watu ndipo ulipompita. Ukimpelekea maelezo ya Sacks utakuwa umejibu swali ambalo hakuuliza. Nenda kwake Jumamosi, usiende mikono mitupu, umwamkie kabla hujakaa, na umsikilize mpaka amalize. Ukitoka hapo ndipo uamue habari ya kozi. Usihame kwa sababu ya aibu ya arusini.

Ukibaki, nina ombi. Desemba ukija, uje na kifaa cha kurekodi. Mama wa vitumbua wa hapa barazani anakaa na wateja kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na namna anavyomdai mtu deni bila kulitaja ni jambo la kuandikwa. Ila umwombe ruhusa kwanza, umweleze ni ya nini, na akikataa umwache. Bibi yako mimi nimeshamuuliza. Amekubali, kwa sharti moja. Anasema mara mbili zilizopita ulifika ukasimama nje, ukanipigia simu nije nikufungulie. Anataka siku hiyo akusikie ukipiga hodi, yeye mwenyewe aitikie.

Nakungoja.

Mama yako