Hofu si nyumba, ni mwalo

Kaka, umeuliza kwa nini wakati wa korona tulihofia kulegeza masharti vijijini wakati nyumba ziko mbalimbali na upepo wa ziwa unapita. Hofu si nyumba, ni mwalo, pale boti zinaposhusha samaki na watu. Huku kusini mwa Kigoma dagaa wakishakauka, wachuuzi wanakuja kutoka mjini, wamebanana kwenye boti bega kwa bega saa nyingi, wanalala kwetu. Ugonjwa unashuka nao. Zahanati ina nesi na panadol, oksijeni iko mjini, na njia ni boti ileile. Ziwa likichafuka, mnasubiri. Mama mkubwa wangu alisubiri hivyo hadi alfajiri, anahema kama aliyekimbia, sisi tunampepea na kanga.

Kumbuka Kagunga, Mei 2015: kijiji kidogo, wakimbizi wa Burundi wakafurika, kipindupindu kikaua watu.

Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni 2020, vibuyu chirizi vya kunawia mikono hapa kwetu vilijaa maji. Baada ya majuma machache, vikavu kabisa! Tulichotaka ni hiki: mnada ufunguliwe, sawa, watu wale. Ila maji ya kunawa yawepo, na wazee wasikalishwe kwenye msongamano wa matanga.