Jina la Kongo lilianzia wapi: kwenye mto au kwenye nchi?
Ndugu yangu, umeuliza ikiwa mto ndio ulioipa nchi jina, au nchi ndiyo iliyoupa mto. Kwa hakika jina lilitoka kwa watu: palikuwapo Ufalme wa Kongo karibu na mlango wa mto, na mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo umo Angola. Mreno Diogo Cão alifika hapo miaka ya 1480, na Wareno wakauita mto Zaire kwa kulitamka vibaya neno la wenyeji, nzadi, lenye maana ya mto tu. Ndiyo maana Rais Mobutu alipobadilisha jina la nchi kuwa Zaire mwaka 1971, jina alilolisifu kuwa la asili lilikuwa limepitia ulimi wa Mreno. Mwaka 1997 likarudi la Kongo, nalo linatumiwa na nchi mbili ambazo miji yao mikuu, Kinshasa na Brazzaville, inatazamana kuvuka maji.

Sisi wa Unguja tuliujua zaidi sehemu ya juu, unakoitwa Lualaba, kwani Tippu Tip, ambaye nyumba yake ingalipo Shangani, alifanya biashara ya pembe na, tusifiche, ya watumwa, hadi Nyangwe na Kasongo. Kiswahili kikabaki huko.

Mto huo hukata Ikweta mara mbili, hivyo upande mmoja ukiwa kiangazi, mwengine hupata mvua, na maji hayapungui sana.