Dakika Mbili za Kajiado: Kwa Kijana Anayeandaa Mbio Zake za Kwanza za Magari

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia kwamba yeye na wenzake, ambao wamekuwa wakienda Naivasha kila mwaka tangu Safari Rally iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, wanataka kuandaa mashindano yao madogo, na akaniomba nimweleze waanzie wapi. Mwanangu, anzeni na saa.

Nilianza kusimamia vituo vya muda mwaka 1978, katika mbio za usiku mmoja za chama cha waendesha magari. Wakati huo dereva wa Kenya Joginder Singh alikwisha kushinda Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na kila mwenye Datsun kuukuu aliamini kwamba zamu yake inakuja. Barabara hazikufungwa, gari la mashindano lilikutana na lori la ng'ombe kama gari lingine lolote. Kazi yetu ilikuwa kupokea kadi ya muda kutoka kwa mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva kumwonyesha njia, kuandika dakika aliyofika, kutia sahihi na kumrudishia. Aliyechelewa aliadhibiwa kwa kila dakika, na aliyewahi kupita kiasi aliadhibiwa pia, ndiyo maana ungeona gari limesimama hatua chache kabla ya kituo, injini ikinguruma, mwelekezi akiikodolea macho saa yake.

Usiku mmoja, kwenye udongo mweusi wa Kajiado uliokuwa umelowa mvua, gari lililopaswa kufika saa nane na dakika 45 lilifika na dakika 47. Niliandika 47. Kalamu ilikuwa inateleza kwa unyevu, kwa hiyo niliikandamiza mpaka tarakimu ikatokeza upande wa pili wa kadi. Saa tisa kamili nikasikiliza milio ya saa ya BBC kwenye redio ndogo ya masafa mafupi, na saa yangu haikupishana nayo hata kwa sekunde moja.

Asubuhi, kamati ilizifuta zile dakika mbili. Dereva alikuwa mmoja wao, wakasema saa yangu ilikuwa mbovu, na akatangazwa mshindi kwa tofauti ya dakika moja. Msimu uliofuata sikuitwa. Imepita miaka mingi na hakuna aliyeniomba radhi, nami sioni haya kusema kwamba jambo hilo bado linaniuma.

Hata hivyo kosa langu lilikuwepo. Mwenzangu alikuwa amelala ndani ya gari, nami nilimwonea huruma nisimwamshe, kwa hiyo hakuna aliyeshuhudia milio ile, na daftari la kituo lilikuwa na sahihi moja tu. Kwa hiyo wekeni watu wawili katika kila kituo, na wote wawili wawe macho. Linganisheni saa zote mbele ya washindani kabla gari la kwanza halijaondoka. Andikeni dakika kwanza, maneno baadaye, na kila mstari wa daftari uwe na sahihi mbili. Msikubali mjumbe wa kamati ashindane katika mbio anazozihukumu mwenyewe, hata kama ndiye aliyenunua mafuta. Kijana anayekesha kwenye tope bila malipo anastahili kuaminiwa, na mkimvunja moyo mara moja hatarudi.

Nitumie ramani ya njia yenu kabla hamjaenda kuzungumza na wazee wa vijiji mtakavyopitia, nikuonyeshe mahali pa kuweka vituo.