Usiikaze Tena

Juzi nilipita kwenye hoteli moja upande wa Himbi, hapa Goma, nikamkuta mdogo wangu mmoja wa kazi amepanda filta ya pisini (bwawa la kuogelea) kama mtu aliyepanda chukudu, ile skuta ya mbao ya mizigo, mkononi kle (spana) ya bomba ndefu kama mkono wake, anakaza boli za kifuniko. Maji yanatoka ubavuni, yanamlowesha magoti. Anakaza. Maji yanaongezeka. Anakaza tena.

"Mukubwa, hii filta imezeeka," akaniambia. Filta ina miaka 2. Na asubuhi ile ile haikuwa inavuja, mpaka yeye alipoifungua, akaisafisha, akaifunga.

Wadogo zangu, simu za namna hii zimenichosha. "Mukubwa, tulisafisha filta, sasa inavuja." Na kila anayepiga ameshapata mshtakiwa wake: filta ni ya zamani, jwenti (mpira wa kuzibia) ni ya kuiga, mama jeranti (meneja wa hoteli) ni mchoyo hanunui vipuri. Bado namsubiri wa kwanza atakayesema, "Mukubwa, kuna mahali nimekosea nilipofunga." Basi tuongee.

1. Kifuniko. Jwenti inaziba ikibanwa sawasawa pande zote. Nguvu za mabega yako haizihitaji. Ukikandamiza upande mmoja, wa pili unainuka. Ukizidi, plastiki inapata ufa mwembamba kama unywele, na hapo habari ya jwenti imekwisha, unatafutiwa tangi jipya. Kwa hiyo: zima pompa, funga vani (valvu) za kuingizia na kutolea maji (pompa nyingi zetu zimekaa chini ya usawa wa pisini, usipofunga utaogea humo humo chumbani), legeza kile kizibo cha hewa, ngoja manometa (kipimo cha presha) ishuke mpaka sifuri, ndipo ufungue. Toa jwenti kwa vidole. Nimesema vidole, bisibisi irudishe mfukoni. Ioshe, halafu osha na mfereji inamokaa, ule mnaousahau nyote. Pitisha ukucha mzunguko mzima.

Yule kijana nilimshusha, tukafungua pamoja. Mle kwenye mfereji kulikuwa na punje 3 za mchanga na uzi mwekundu wa kile kitambaa alichofutia. Uzi mmoja, haufiki urefu wa kidole. Maji yakiupata uzi yanapanda nao kama mafuta ya taa kwenye utambi. Tukauondoa, tukarudisha kifuniko, tukakaza kwa mkono boli hii kisha ya ng'ambo yake, mpaka zote zikakaa, halafu nusu mzunguko kwa kle ndogo. Kavu. Kijana akakitazama kitambaa chake kama kimemsaliti.

2. Vazelini ni ya ngozi. Mafuta yenye asili ya petroli yanavimbisha mpira wa jwenti nyingi, baada ya miezi unakuta imelegea kama mkate uliolowa chai. Tumia grisi ya silikoni, kidogo tu, kama unavyompaka mtoto midomo asubuhi ya baridi.

3. Pompa inazimwa kwanza, vani ya filta, ile yenye mkono wa kuchagua njia ya maji, inageuzwa baadaye. Mnalijua hilo. Nami nilikuwa nalijua. Kaeni chini, hii ni ndefu.

Mwaka 2021, miezi michache baada ya Nyiragongo kulipuka ule usiku wa tarehe 22 Mei, nilikuwa natunza pisini ya hoteli moja karibu na ziwa. Mita 10 kwa 5. Ilikuwa Ijumaa, kesho yake harusi, na maharusi walitaka kupigwa picha maji ya bluu yakiwa nyuma yao. Nilishinda nafyonza sakafu, jioni nikafanya lavaji (kuosha mchanga wa filta kwa kuyapitisha maji kinyume). Mvua ilikuwa inakuja, pikipiki inanisubiri getini, na swichi ya pompa iko juu, ngazi kumi kutoka kwenye filta. Nikasema moyoni, mara moja tu. Nikaukandamiza mkono wa vani, nikaurudisha kwenye filtrasioni (kuchuja) huku pompa inanguruma.

Mkono ule ulinipiga kiganjani, na ndani ya vani kukatoka mlio: krrk. Mdogo, kama mfupa wa kuku. Niliusikia. Nataka mjue hivyo, niliusikia vizuri sana. Nikalizunguka tangi na kitambaa kikavu. Kifuniko kikavu. Shingo ya vani kavu. Kizibo cha chini kikavu. Kifuniko cha pompa kikavu. Nikapanda pikipiki.

Humo ndani, ile jwenti ya nyota inayotenganisha njia za maji ilikuwa imenyanyuliwa na presha, ikatoka kwenye mfereji wake, ikajikunja upande mmoja. Sehemu ya maji ikaanza kwenda egu (njia ya maji machafu) badala ya kurudi pisini, kama mita moja ya ujazo kwa saa. Kwingine asubuhi ungekuta tope, ungejua la kufanya. Lakini sisi tuko Goma. Bomba la egu la hoteli ile linaishia nyuma ya jiko, juu ya lava, na mnazijua nyufa za lava zinavyokunywa: unamwaga ndoo, unageuka, huoni hata unyevu. Anayetafuta uvujaji kwa kuangalia chini, mji huu utamdanganya kila siku.

Ilipofika saa nane usiku maji yalikuwa yameshuka chini ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu. Njia ya chini, inayovuta maji ya sakafuni, nilikuwa nimeifunga mchana ili nifyonze vizuri, nikasahau kuifungua. Pompa ikaanza kuvuta hewa, ikazunguka kavu mpaka garnitiri (kizibio) ya shafti ikaungua. Mlinzi aliniambia baadaye kwamba aliisikia ikilia kama mbuzi, akadhani ndiyo sauti yake ya usiku.

Asubuhi mama jeranti alinisimamisha ukingoni. Kwenye vigae kulikuwa na mstari wa mafuta ya ngozi za waogeleaji, na maji yako sentimita 16 chini yake. "Papa, maji iko wapi?" Piga hesabu mwenyewe: meta 50 za mraba, sentimita 16, ni lita 8,000. Bidoni 400 za lita 20. Na nje ya geti akina mama wanapita na bidoni zao migongoni kutoka ziwani.

Hapo ndipo nilipokosea kweli kweli, kwa sababu la vani lilikuwa la haraka, hili la pili nililifikiria. Nikasema: "Mama, ni matetemeko." Mwaka ule kila ukuta wa mji ulikuwa na ufa wa Mei, kwa nini pisini isiwe na wake? Akaamini. Aliamini sana hata akamwita mwashi, na mwashi, kwa kuwa mtaalamu ameshasema kuna ufa, akaanza kuutafuta kwa patasi. Vigae 11. Kila kimoja kilipong'oka nilisikia ile krrk yangu. Ningeweza kufungua mdomo kwenye kigae cha kwanza. Nilishika kamba ya kupimia, nikawa namsaidia.

Saa nne nilishindwa kuvumilia, nikampigia mzee aliyenifundisha kazi, mtu wa Bukavu, mwenye maneno machache na kofia isiyovuliwa. Alipofika hakutazama kigae hata kimoja. Akaniuliza: "Mara ya mwisho mkono wako uligusa wapi?" Nikanyamaza. Akashuka zile ngazi kumi, akakifuta kwa kidole gumba kile kioo kidogo cha vani, ambacho nilikuwa nimekiacha miezi mingi kikaota ukijani. Kisha akafungua ile njia ya chini. Pompa imekufa, mkono wa vani uko kwenye filtrasioni, lakini ndani ya kioo maji yakaanza kutembea polepole, yanaelekea egu.

Mzee akayatazama kitambo. "Eh," akasema, "matetemeko."

Nililipa garnitiri. Nililipa jwenti ya nyota, ambayo niliisaka mtaa mzima wa maduka wa Birere nikiishia kuonyeshwa mipira ya sufuria za presha, mpaka ikaagizwa Kigali. Nililipa mwashi. Nililipa vigae 11 ambavyo rangi yake haikupatikana tena, na hadi leo ukiogelea pale unaviona, vyeupe kidogo kuliko wenzao. Pengo la maji tulilijaza kwa motopompa kutoka ziwani, na hapo nikajiongezea tatizo jingine: maji ya juu ya Kivu yana pH inayokaribia 9, pisini inataka 7.2 hadi 7.6, na klorini kwenye pH ya juu inakuwa mvivu. Maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Picha za harusi zilipigwa bustanini, mbele ya maua.

Mama jeranti nilimwambia ukweli Jumatatu. Alicheka kwanza. Baadaye hakucheka.

Na nyongeza kwa ajili ya mji wetu: umeme kukatika hakuna maana kwamba umezima pompa. Wengi mnasikia kimya, mnageuza vani, au mnafungua kifuniko, na umeme unarudi mkiwa mmeinama juu yake. Shusha dijonkta (swichi kuu ya umeme). Kila mara. Hata kama mtaa mzima uko gizani.

4. Ukitoka lavaji pitia rensaji (kusuuza), nusu dakika, la sivyo uchafu uliobaki kwenye bomba unarudi pisini na mteja anakuona hujafanya kitu. Lavaji yenyewe dakika 2 au 3, mpaka maji ya kwenye kioo cha vani yawe safi. Kioo kioneshe, kisiote bustani.

5. Andika kwa kalamu ya wino mzito, juu ya tangi, presha ya filta ikiwa safi. Ikipanda bar 0.5 juu ya hapo, osha. Isipopanda, iache, mchanga wenye uchafu kidogo unachuja vizuri kuliko mchanga uliooshwa kila siku kama nguo za mtoto mchanga.

6. Mchanga. Kuna aliyejaza filta mchanga mweusi wa volkano kwa sababu "ni bure, Mukubwa, na ni wa hapa". Ni wa hapa, kweli. Una vumbi jingi na kila punje ina ukubwa wake, lile vumbi likapita moja kwa moja mpaka pisini, maji yakawa kijivu, na yeye akaosha filta siku tatu mfululizo akiilaumu klorini. Tunatumia silika ya milimita 0.4 hadi 0.8, imeoshwa na kuchekechwa. Kabla ya kuumimina jaza tangi maji hadi nusu, ili mchanga usianguke juu ya krepini (vichujio vya chini ya tangi) na kuzivunja, na lile bomba la katikati livishe mfuko. Ukiona mchanga umekaa sakafuni chini ya midomo ya kurudishia maji, krepini imevunjika. Usiufagie ukanyamaza. Namjua aliyeufagia miezi miwili, na namjua vizuri kuliko ninavyopenda kusema.

7. Kizibo cha chini na uzi (meno ya kukazia) wa manometa: tefloni izungushwe upande ule ule kizibo kinakokazwa, mizunguko 3 au 4, halafu mkono tu. Plastiki juu ya plastiki haitaki kle.

8. Hili ni la uhai wako. Filta iliyofunguliwa imejaa hewa. Ukiwasha pompa, hewa ile inabanwa, na hewa iliyobanwa chini ya kifuniko kilichokaa vibaya inakirusha. Kifuniko kile kinaweza kuua mtu. Kabla ya kuwasha, legeza kizibo cha hewa, hakikisha vani ya kurudishia iko wazi, simama mbali upande wa swichi, washa, na usisogee karibu mpaka kizibo kianze kutoa maji badala ya hewa. Nikikuta mtu ameinamia filta wakati inawashwa, tutagombana mbele ya mteja.

9. Kama baada ya yote bado unadhani pisini inapoteza maji, chukua ndoo, ijaze, isimamishe kwenye ngazi ya pisini, maji ya ndani yalingane na ya nje, rudi baada ya saa 24. Yakishuka sawa, ni jua na upepo. Ya pisini yakishuka zaidi, tafuta. Anza na kioo. Patasi ni ya mwisho kabisa, na mimi niitwe kabla yake.

Yule kijana wa Himbi ile kle yake kubwa niliondoka nayo. Iko kwangu, chini ya kitanda. Aje kuichukua siku yoyote, ila aje na kopo la grisi ya silikoni, na kitambaa kisichotoa nyuzi.