Ngao imewaka, risasi zinapita: maswali yenu kuhusu kuripoti hitilafu

*Katika gemu ya kuokoka angani nilipanua kituo changu kwa vyumba vitatu. Ngao inaonyesha asilimia 100, lakini risasi zinapenya upande mpya. Niripoti nini?*

Kwanza zima jenereta ya ngao, subiri kidogo, washa tena. Mara nyingi ukubwa wa ngao hutokana na vipimo vya jengo, na huenda gemu inavisoma mara moja tu, jenereta inapowashwa. Vyumba vya baadaye hubaki nje. Ngao ikivifunika baada ya kuwashwa upya, lieleze hilo kwenye ripoti, maana linamwonyesha msanidi, yaani mtengenezaji wa gemu, pa kutazama.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hulikwepa, nami nalihimiza kwa moyo wote: anzisha dunia mpya, jenga kijumba cha vipande vichache, washa ngao, ongeza chumba kimoja, upige risasi. Hitilafu ikijirudia hapo, msanidi hatahangaika kuitafuta ndani ya kituo chako kizima.

Andika ulichofanya, ulichotarajia na kilichotokea: “Niliwasha ngao, nikaongeza chumba, nikakipiga risasi kutoka mita 50. Nilitarajia nguvu ya ngao ipungue. Ukuta uliharibika, ngao ikabaki 100.” Weka namba kamili ya toleo, faili ya mchezo uliohifadhiwa na faili ya kumbukumbu za gemu (log), yaani ile ambamo gemu huandika matukio yake mstari kwa mstari. “Ngao ni mbovu” haimsaidii mtu.

*Nikijenga karibu na nilipoanzia, vipande vinashikana vizuri. Nikienda mbali sana vinatetemeka na kuacha nyufa. Kompyuta yangu ni dhaifu?*

La, nadhani kompyuta haina kosa. Gemu nyingi hutunza mahali pa kitu kwa namba za desimali za biti 32, zenye takriban tarakimu 7 tu za uhakika. Kadiri unavyokwenda mbali na kitovu cha dunia ya gemu, tarakimu hizo humalizwa na umbali, na kinachobaki kwa vipimo vidogo hupungua. Kwenye kilomita 100, hatua ndogo kabisa inayoweza kuandikwa ni karibu milimita 8. Kwenye kilomita 1,000 ni sentimita 6 hivi, na ufa wa kiasi hicho unaonekana kwa macho. Baadhi ya gemu huliepuka tatizo hili kwa kuhamisha kitovu kimfuate mchezaji. Kwa hiyo ripoti yako itaje majira ya nukta, yaani X, Y na Z, mahali panapoharibika na mahali pazuri. Hii iwe ripoti ya peke yake, usiichanganye na ya ngao.

*Natumia modi kumi, yaani nyongeza za gemu zilizotengenezwa na watu wengine. Zinahusika?*

Huwezi kujua mpaka uziondoe. Ila nakili kwanza faili ya mchezo wako: modi ikitoka, vipande vilivyojengwa nayo vinaweza kutoweka. Jaribu kwenye nakala.

*Tunacheza wawili kwenye seva. Mwenzangu anaiona ngao yangu, mimi siioni.*

Hapo seva na kompyuta yako hazikubaliani. Tumeni kumbukumbu za kompyuta zote mbili na za seva, pamoja na saa kamili ya tukio na ukanda wa saa, ili mistari ilinganishwe. Sema nani alijenga jenereta na nani alijiunga baadaye. Video fupi ya kila upande inafaa kuliko maelezo marefu.

*Nimegundua kwamba nikiweka kipande kwa pembe fulani naweza kupita kwenye ngao ya mtu yeyote. Niwaonyeshe wachezaji wengine?*

Tafadhali usifanye hivyo. Watu wametumia majuma kujenga vituo hivyo, na njia hiyo ikienea vitaporwa kabla ya sasisho kutoka. Watumie wasanidi kwa faragha, ukieleza pembe, kipande na aina ya ngao. Sasisho likitoka, rudia jaribio lako uwaambie kama mlango umefungwa.