Levereji kwa sarafu za majaribio: majibu kwa wasomaji

*Wahariri, nina akaunti ya siku nyingi Bybit, soko la mtandaoni la sarafu za kidijitali. Nilipojaribu kuingia kwenye soko lao la majaribio kwa nywila ileile, ikagoma. Nimefungiwa? (Msomaji, Kahama)*

Hujafungiwa, ndugu. Soko la majaribio, la kujifunzia bila pesa halisi, liko testnet.bybit.com, nalo ni mtambo mwingine usiojua chochote kuhusu akaunti yako ya kawaida. Jisajili upya, barua pepe yako ileile inakubalika. Ukishaingia, salio litakuwa sifuri. Nenda ukurasa wa mali zako, bonyeza kitufe cha kuomba sarafu za majaribio, subiri kidogo, kisha fungua upya ukurasa.

Sarafu hizo hazina thamani hata senti moja, kwa hiyo anayekuuzia sarafu hizo kwenye Telegram ni tapeli. Kosa la pili ni baya zaidi: kutuma bitcoin halisi kwenye anwani ya majaribio. Tazama herufi za mwanzo. Anwani halisi huanza na 1, 3 au bc1. Za majaribio huanza na m, n, 2 au tb1.

Usichanganye soko hili na sehemu ya Demo iliyo ndani ya akaunti ya kawaida. Demo hufuata bei za soko halisi. Testnet, yaani soko hili la majaribio, ina wanunuzi na wauzaji wake wenyewe, wachache, na wengi wao ni roboti (programu za kununua na kuuza zenyewe) zinazojaribiwa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha barua ya msomaji wa Dodoma hapa chini.

*Nimepewa USDT 1,000 za majaribio (sarafu inayolingana na dola). Rafiki ananiambia levereji ya 50 ndiyo yenye hela. Niweke ngapi? (Msomaji, Mombasa)*

Rafiki yako ameanzia mwisho. Levereji, yaani mara ngapi posisheni (biashara uliyofungua) inazidi dhamana unayoweka mwenyewe, ndiyo namba ya mwisho kuchaguliwa, baada ya kujua unakubali kupoteza kiasi gani na utatokea wapi mambo yakiharibika.

Tuseme bitcoin iko dola 60,000, unataka kununua ukitarajia ipande, na chati inakuonyesha kwamba ikifika 58,800 basi wazo lako limekufa. Hapo oda ya kukata hasara, itakayokutoa yenyewe bei ikifika pale, iko umbali wa dola 1,200. Tuseme pia unakubali kupoteza asilimia 1 ya mtaji, yaani USDT 10. Gawanya 10 kwa 1,200, unapata bitcoin 0.00833. Bybit hupokea oda za bitcoin kwa hatua za 0.001, kwa hiyo shusha hadi 0.008, usipandishe. Posisheni yako ni ya USDT 480, na ikikatwa utapoteza 9.60 pamoja na ada.

Sasa ndipo levereji inaingia. Kwa 5 utawekewa dhamana ya USDT 96; kwa 10 ni 48. Hasara kwenye 58,800 ni ileile, 9.60, kwa sababu ukubwa wa posisheni haujabadilika. Kilichobadilika ni bei ya kufilisiwa, yaani bei ambayo soko hukufungia posisheni kwa nguvu na dhamana yako ikapotea. Kwa anayenunua, ikadirie hivi: bei ya kuingia mara (1 − 1/levereji + 0.005). Hiyo 0.005 ni dhamana ya chini ambayo soko hulazimisha ibaki kwa posisheni ndogo za bitcoin. Kwa levereji ya 10 unapata 54,300, mbali kabisa na oda yako ya kukata hasara. Kwa 50 unapata 59,100. Linganisha na 58,800 yako: utafilisiwa kabla oda haijaguswa. Kwa 100 ni 59,700, na bitcoin hutembea dola 300 wakati unajibu simu.

Hesabu hiyo ni ya dhamana iliyotengwa kwa posisheni hiyo tu, inayoandikwa Isolated. Kwenye Cross salio lote la akaunti linasimama nyuma ya posisheni, hivyo bei ya kufilisiwa husogea mbali, lakini ikifikiwa huondoka na kila kitu. Anayeanza aweke Isolated, na ahakikishe kabla ya kutuma oda.

Angalia pia kisanduku cha kiasi. Kinaweza kupokea bitcoin, thamani ya posisheni, au dhamana utakayotoa. Ukiandika 100 ukidhani ni thamani, kumbe kimewekwa dhamana, kwa levereji ya 10 umefungua posisheni ya 1,000. Wengi wanaolalamika kuwa “mtambo umenichukulia oda kubwa” wamenaswa hapa.

*Oda yangu ya kukata hasara imeguswa testnet, lakini kwenye soko halisi bei haikufika hapo kabisa. Nimeibiwa? (Msomaji, Dodoma)*

Hapana. Kwa kuwa oda zilizopo ni chache, mtu mmoja akiuza kiasi cha wastani kwa bei ya soko hula oda zote za karibu na kuchora mkia mrefu kwenye chati. Oda yako ilikuwa inafuata bei ya mwisho kuuzwa, Last, ambayo mara nyingi ndiyo huwekwa bila wewe kuchagua. Unapoweka oda ya kukata hasara, badili kichochezi kuwa Mark. Bei hiyo hukokotolewa kwa kutazama masoko mengine, haitikiswi na oda moja, na ndiyo inayotumika kuamua nani afilisiwe.

Mark lakini haikuhakikishii bei ya kutokea. Ikishachochewa, oda inakwenda sokoni na kuchukua bei yoyote iliyopo. Ndiyo maana hatushauri kupima ustadi wako kwa faida au hasara ya testnet. Itumie kuzoea vitufe: fungua, weka ulinzi, punguza nusu, funga. Kila unapofunga kwa oda ya bei maalumu, tia alama Reduce-Only, yaani ipunguze posisheni tu. Bila hiyo, oda iliyosahauliwa inaweza kukufungulia posisheni ya upande wa pili. Matokeo yapime kwenye Demo.

*Kila siku saa 6 mchana salio langu linapungua na sijagusa kitu. (Msomaji, Muscat)*

Hayo ni malipo ya ufadhili. Unachonunua na kuuza hapa si bitcoin yenyewe bali mikataba ya bei yake isiyo na tarehe ya mwisho. Mikataba hiyo huhitaji kitu cha kuvuta bei yake irudi karibu na bei ya bitcoin yenyewe, hivyo upande mmoja huulipa mwingine. Kiwango kikiwa chanya, walionunua huwalipa waliouza. Kwa bitcoin dhidi ya USDT hufanyika kila saa 8: kwenu saa 6 mchana, saa 2 usiku na saa 10 alfajiri, Afrika Mashariki saa 5 asubuhi, saa 1 usiku na saa 9 usiku. Aliyefunga kabla ya dakika hiyo hakatwi.

Hesabu hufanywa kwenye posisheni, si kwenye dhamana. Kwa kiwango cha 0.01%, posisheni ya 480 hulipa USDT 0.048. Lakini aliyeweka 1,000 zote kwa levereji ya 50 ana posisheni ya 50,000: hulipa 5 kila mara, 15 kwa siku. Ada ya 0.055% kwa oda ya soko imeshamla 27.50 kuingia, na itamla karibu kiasi hicho kutoka.

*Nimeongeza sarafu mara tatu. Nihamie pesa halisi? Niko London. (Msomaji)*

Huko mlango umefungwa: tangu tarehe 6 Januari 2021, FCA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia huduma za fedha, imepiga marufuku kampuni kuwauzia wateja wa kawaida bidhaa za aina hii. Kuzunguka kwa VPN au kitambulisho cha binamu huleta shida siku ya kutoa pesa, utakapoombwa kuthibitisha wewe ni nani.

Kwa walio kwingine, wajue majaribio hayaonyeshi siku kama 10 Oktoba 2025, posisheni za zaidi ya dola bilioni 19 zilipofilisiwa ndani ya takriban saa 24, na masoko mengine yakawafungia kwa nguvu hata waliokuwa na faida. Wala hayaonyeshi soko lenyewe kuanguka, kama FTX Novemba 2022. Ukiamua kuanza, anza na bitcoin 0.001.

*Roboti yangu inarudisha kosa 10003. (Msomaji, Nairobi)*

Ufunguo wa testnet (API key, msimbo unaoiruhusu roboti kuingia kwenye akaunti) umeupeleka soko halisi, au kinyume chake. Anwani ya majaribio ni api-testnet.bybit.com, ya Demo ni api-demo.bybit.com, na kila moja ina funguo zake. Ukipata 10002, rekebisha saa ya kompyuta.